Mivukuto ya Kinanda

Kabla jina la Geita halijafungamana na dhahabu, nchi ile ilijulikana kwa chuma. Warongo, wahunzi wa Buzinza, walikuwa wakiyeyusha mawe ya chuma katika misitu ya kusini-magharibi mwa Ziwa Victoria, na majembe yao yalifika Usukuma na Unyamwezi, yakalima, yakatolewa mahari. Mwishoni mwa karne iliyopita mwanaakiolojia Peter Schmidt aliketi na wazee wa Kirongo waliokuwa bado wanaikumbuka kazi hiyo, nao wakajenga tanuri upya mbele ya macho yake. Tanuri lenyewe ni udongo tu. Uhai wake uko kwenye mivukuto: vyombo vilivyowambwa ngozi, kila ngozi na fimbo yake, na mvukutaji anashika fimbo mbili, hii ikishuka ile inapanda, ili upepo usikatike. Kutoka hapo upepo unapita katika mabomba ya udongo na kuingia motoni.

Nimeanza na tanuri la Warongo kwa sababu kinanda kikubwa cha kanisani, kile cha Ulaya chenye mabomba, kimejengwa kwa akili hiyohiyo. Mivukuto inajaza upepo ndani ya sanduku. Juu ya sanduku yamesimama mabomba, mengine ya mbao, mengine ya mchanganyiko wa bati na risasi. Mpigaji akibonyeza kitufe, kilango kidogo chini ya bomba kinafunguka, upepo unapanda, bomba linalia. Bomba fupi hutoa sauti nyembamba, refu hutoa nene. Ile do ya chini inayotegemeza nyimbo nyingi inataka bomba la karibu mita 2.4, na ukitaka kushuka oktava moja zaidi, bomba linafika karibu mita 5. Kwa karne nyingi, kabla ya mota za umeme, nyuma ya kinanda alisimama mtu asiyeonekana na waumini, kazi yake kuvukuta tu. Mrongo angemwelewa mtu huyo bila mkalimani.

Kinanda cha namna hiyo kilifika pwani yetu. Kanisa kuu la Anglikana la Mkunazini, Zanzibar, ambalo Askofu Edward Steere alilijenga pale palipokuwa soko la watumwa, jiwe lake la msingi likiwekwa siku ya Krismasi ya 1873, lina kinanda kilichotengenezwa na kampuni ya Henry Willis ya Uingereza. Lakini Zanzibar ilikuwa na bandari. Sanduku lililopakiwa melini Uingereza lilishushwa umbali wa kutembea kwa miguu kutoka mlangoni mwa kanisa. Bara ilikuwa na njia ya wapagazi.

Wamisionari wa Afrika, ambao wengi bado tunawaita White Fathers, walifungua misheni ya Ushirombo mwaka 1891. Leo Ushirombo iko wilaya ya Bukombe, mkoa wa Geita. Kabla ya mkoa huo kuanzishwa mwaka 2012 ilikuwa mkoa wa Shinyanga. Huko ndiko alikoishi Askofu François Gerboin, aliyeongoza Kanisa la Unyanyembe hadi alipofariki mwaka 1912. Kila kilichofika kwake kutoka ng'ambo katika miaka ya mwanzo, kuanzia misumari hadi divai ya Misa, kilibebwa kichwani au begani kutoka Bagamoyo, zaidi ya kilometa 800 hadi Tabora, kisha kuendelea kaskazini. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama kilo 30. Kinanda cha mabomba, hata kile kidogo, kina uzito wa mamia ya kilo, na mabomba yake ya bati yanapinda kama sufuria. Reli ilifika Tabora mwaka uleule aliofariki Gerboin.

Tuseme kingefika. Huku kwetu asubuhi ya Julai watu huja Misa ya kwanza wamejifunga makoti, na saa sita mchana bati la paa linaunguza. Hewa ikipata joto, sauti hupita ndani yake upesi zaidi, na bomba lilelile linalia juu zaidi. Tofauti ya nyuzi 10 za joto inapandisha sauti ya bomba kwa karibu theluthi ya nusu toni, na kwaya yenye masikio itaisikia. Kisha kiangazi kinakausha ngozi za mivukuto hadi zipasuke, na mchwa hawajui kwamba mbao hizi zimebarikiwa. Aliyebuni kinanda cha mabomba alikuwa na nchi nyingine akilini.

Kilichofika kilikuwa mdogo wake. Mwaka 1842, mjini Paris, Alexandre Debain alijipatia hataza ya chombo alichokiita harmonium. Hakina mabomba. Mahali pa bomba pamewekwa ulimi mwembamba wa shaba uliofungwa kwenye fremu, upande mmoja umekazwa, mwingine huru. Upepo ukipita, ulimi unatetemeka na kulia. Do ileile iliyodai bomba la mita 2.4 inatoka kwenye ulimi unaotoshana na kidole cha mkono. Miguu ya mpigaji ndiyo inayovukuta, kwa makanyagio mawili, kwa zamu. Joto haliupotoshi ulimi wa shaba kama linavyoipotosha hewa ya bombani. Chicago walikuwepo akina Bilhorn, waliounda vinanda vya kukunja: unaangusha miguu, unafunga kifuniko, kinakuwa sanduku la safari lenye mpini. Wahubiri walivichukua duniani kote. Hicho ni kinanda kilichobuniwa kwa ajili ya bega la mtu.

Neno lenyewe nalo lilikuwa na safari yake. Pwani, kabla ya misheni, kinanda kilikuwa chombo cha nyuzi, kile ambacho Lamu na Zanzibar wengine wanakiita kibangala, kilichochongwa kwa mti na kuwambwa ngozi. Baadaye jina likapanuka likameza kila chombo kinachotoa sauti kwa ufundi: kinanda cha kanisani, na hata kile cha kuchezea santuri. Kwa hiyo Msukuma aliyejifunza Kiswahili shuleni akakutana na neno kinanda tayari limevaa kanzu ya kanisa, hajui kwamba limetoka kwenye ngoma za harusi za Waislamu wa Lamu.

Kwa upande wa Waprotestanti, Africa Inland Mission iliipokea misheni ya Nassa mwaka 1909, na mwaka 1913 ikaanza Kolandoto, karibu na mji wa Shinyanga, ambako hospitali yake inahudumia watu mpaka leo. Kwao kinanda kilikuwa mwalimu kuliko pambo. Tenzi zilizotoka Uingereza na Marekani zinataka sauti nne, na sauti ya tatu na ya nne hazijifunzwi kwa kusikia mara moja. Mwalimu anabonyeza, wanaume wa besi wanashika, anabonyeza tena, tena. Watu waliozoea wimbo wa wigashe, mmoja anaanzisha na umati unaitikia, wakafunzwa kusimama kila mmoja kwenye mstari wake. Siwezi kusema walipoteza. Walipata jambo ambalo kwaya za Kanda ya Ziwa zimelifanya kuwa fahari yao. Lakini kuna kilichobaki nje ya mlango.

Tarehe 22 Novemba 1903, sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, Papa Pius X alitoa waraka juu ya muziki wa kanisa. Alikuwa amechoshwa na makanisa ya Italia yaliyogeuka kumbi za opera, yenye waimbaji wa kujionyesha na bendi za kupigisha miguu. Akaagiza kinanda cha mabomba kishike nafasi yake, piano isiingie, wala vyombo vya kelele. Katika orodha ya vyombo vya kelele, cha kwanza kabisa kilitajwa tamburo, yaani ngoma. Papa alikuwa akiipigania Italia. Sentensi yake ikavuka bahari ikamkuta Msukuma.

Maana yake ilikuwa kubwa kuliko alivyoweza kujua mtu yeyote kule Roma. Kwa Wasukuma ngoma ilikuwa sehemu ya utawala: mtemi bila ngoma zake hakuwa mtemi. Ilikuwa kazi pia. Bugobogobo huchezwa kwa majembe mkononi, na wakulima wakifuata mdundo shamba linakatika kabla jua halijapanda. Frank Gunderson, aliyeandika kitabu kinene juu ya nyimbo za kazi za Wasukuma, ameonyesha jinsi kulima na kuimba kulivyokuwa jambo moja. Ilikuwa ushindani, Bagalu upande huu na Bagika upande ule, baada ya mavuno, kila kundi na dawa zake na waimbaji wake wa kumshambulia mwenzake kwa maneno. Sasa ngoma hiyo, katika misheni nyingi za Afrika Mashariki, ikapewa kazi ya kengele. Iliruhusiwa kuwaita watu ibadani, haikuruhusiwa kuingia nao.

Basi miaka ya 1950, huko Bujora karibu na Kisesa, kando ya barabara iendayo Musoma kutoka Mwanza, padre mmoja Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika alianza kufanya mambo kinyumenyume. David Clement alijifunza Kisukuma, akakaa na wazee, akakusanya vyombo vya watemi, ngoma, viti, mikuki, wakati ambapo shule zilikuwa zikiwafundisha vijana kuviona takataka. Kanisa alilojenga ni la mviringo, paa lake limechukua umbo la nyumba ya mtemi. Tabenakulo, mahali pa Ekaristi, imepewa sura ya nyumba ya mtawala, mbele yake ngao na mikuki: mtemi yupo nyumbani. Mtu aliyekulia Usukuma hahitaji katekesi ndefu mbele ya alama hiyo.

Ukishaweka mtemi, huwezi kumnyima ngoma zake. Hapo ndipo ninapoiona akili ya Clement. Wengine walibishana kama ngoma ni chombo kinachofaa kanisani, kana kwamba ni kinanda duni kinachoomba kazi ya kinanda. Yeye alianza na nyumba, kisha mwenye nyumba, na ngoma zikafuata zenyewe kama zinavyofuata ikuluni. Alichukua pia sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, ambayo kwa desturi ya Kikatoliki ina maandamano na maua, akaifungua kwa wachezaji. Watu wakaiita Bulabo, maua kwa Kisukuma, na mpaka leo kila Juni Bagalu na Bagika wanashindana Bujora. Kinanda kingeweza kufanya nini katika uwanja ule?

Wakati huohuo mambo yalikuwa yakisogea kwingine. Krismasi ya 1955 Papa Pius XII alitoa waraka uliowataka wamisionari wauheshimu muziki wa watu wanaowahubiria. Mwaka 1958, huko Kamina, Kongo, kwaya ya vijana chini ya Padre Guido Haazen iliimba Misa Luba, na sahani zake zikauzwa hadi Ulaya. Mwaka uliofuata Padre Stephen Mbunga, mwana wa kusini mwa Tanganyika, akatoa Misa Baba Yetu. Mbunga ni mtu ambaye vijana wa kwaya wanapaswa kumjua kama wanavyomjua mtunzi wa wimbo wao wa Jumapili hii. Hakutunga tu, mwaka 1963 alichapisha Uswisi kitabu kinachopima sheria za Kanisa juu ya muziki, moja baada ya nyingine, na kuuliza muziki wa Kibantu unasimama wapi mbele ya kila moja. Aliwajibu wanasheria kwa sheria.

Askofu wa Mwanza, Mholanzi Joseph Blomjous, ambaye jimbo lake lilikuwa na Bujora ndani yake, alikwenda Roma kwenye Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, na huko alikuwa miongoni mwa waliowaunganisha maaskofu wa Afrika wazungumze kwa sauti moja chini ya Kardinali Laurean Rugambwa wa Bukoba. Tarehe 4 Desemba 1963 hati ya liturjia ilipitishwa kwa kura 2,147 dhidi ya 4. Hati hiyo inakisifu kinanda cha mabomba kwa heshima kubwa, kisha inaongeza kwamba vyombo vingine vyaweza kukubaliwa kwa uamuzi wa wakuu wa Kanisa wa mahali husika, mradi vinafaa kwa ibada. Miezi kumi baadaye, Oktoba 1964, mashahidi wa Uganda walipotangazwa watakatifu, utunzi wa Joseph Kyagambiddwa wa Uganda uliimbwa Roma kwa ngoma zake. Chombo cha kwanza katika orodha ya 1903 kilikuwa kimeingia nyumbani kwa aliyekikataza.

Ngoma basi haikukiondoa kinanda, ilikaa kando yake. Kwa miaka kama ishirini makanisa mengi ya Kanda ya Ziwa yalikuwa na vyote viwili: harmoniamu ikisindikiza wimbo wa kwaya, ngoma na kayamba zikiingia kwenye shangilio na matoleo. Kilichokiondoa kinanda cha kukanyaga ni kinanda cha umeme kilichotoka Japani, na ukoo wake unanigusa kila ninapoukumbuka. Mwaka 1887, katika mji wa Hamamatsu, fundi wa vifaa vya hospitali aitwaye Torakusu Yamaha aliitwa kutengeneza harmoniamu ya Kimarekani iliyoharibika kwenye shule ya msingi. Akaifungua, akaitazama ndani, akaamua atajenga ya kwake. Alipomaliza, yeye na mwenzake Kisaburo Kawai waliifunga kwenye mti, wakaibeba mzegazega kuvuka milima ya Hakone hadi Tokyo, kama kilometa 250, ipimwe na walimu wa muziki. Wakaambiwa imepotoka sauti. Yamaha akabaki Tokyo akijifunza elimu ya sauti, akarudi, akajenga ya pili, nayo ikakubaliwa. Kila kinanda cha Yamaha chenye nembo ya uma tatu za sauti unachokiona kwenye kwaya za Kahama, Shinyanga, Geita na Chato kinatoka kwenye mzigo ule. Wapagazi wa Kinyamwezi wangewahurumia mabega yao.

Januari 1980 Casio nayo ikatoa kinanda chake cha kwanza cha umeme, na ndani ya miaka michache vinanda vya betri vilikuwa vyepesi kuliko mkungu wa ndizi. Wakati huo majimbo mapya yanazaliwa: Kahama mwaka 1983, Geita mwaka 1984, Askofu wake wa kwanza akiwa Aloysius Balina, ambaye mwaka 1997 alihamishiwa Shinyanga. Parokia mpya, vigango vipya, kwaya mpya. Kwaya za AIC Makongoro ya Mwanza na AIC Shinyanga zikasikika nchi nzima kwa kanda, magitaa na vinanda vya umeme. Nani angeagiza mivukuto? Mgodi wa Geita, uliofungwa mwaka 1966, ulipofunguliwa tena kwa sura mpya mwaka 2000, watu walimiminika kutoka kila mkoa, na kila kundi likaja na mpiga kinanda wake aliyejifunzia kwenye plastiki.

Sina ugomvi na plastiki. Kinanda cha betri kimefika vigango ambavyo harmoniamu isingevifikia kamwe, na kijana wa machimboni asiye na senti ya chuo cha muziki amejifunza nota juu yake. Ninachokililia ni kitufe kimoja: kile cha mdundo wa tayari. Mpigaji akikibonyeza, mashine inapiga ngoma yenyewe, ileile, ibada nzima, na wapiga ngoma wanarudi kukaa kwenye viti. Ngoma iliyoachwa mlangoni kwa miaka sitini, ikapiganiwa na Mbunga na Clement, inatolewa nje tena, safari hii na sisi wenyewe, na hakuna hata waraka.

Na harmoniamu zenyewe? Miaka michache iliyopita nilifunguliwa chumba nyuma ya sakristia ya parokia moja upande wa Kahama. Harmoniamu moja ilikuwa imeegemezwa ukutani, juu yake mapazia ya Kwaresima na ndoo za rangi. Makanyagio yalikuwa yamekatika mikanda. Ngozi ya mivukuto ilikuwa imepasuka kwenye mikunjo kama kisigino cha kiangazi, na dondora walikuwa wamejenga nyumba zao za udongo ndani ya sanduku la upepo. Nikainua kifuniko cha nyuma. Ndimi za shaba zilikuwa zimepangwa kwenye matundu yake, kila mmoja na herufi yake iliyogongwa kwa mkono. Nilivuta mmoja kwa ncha ya waya, nikaupangusa kwa shati, nikaupuliza. Kimya. Nikaugeuza, nikaupuliza kutoka upande wa pili, na la ikatoka, safi, imetulia, kana kwamba mtu aliitia jana.

Siku ileile katekista mstaafu aliyenifungulia chumba alikuja nami kwenye mazoezi ya kwaya. Kijana wa kinanda alikuwa akitengeneza sauti zake. Mwaka 1991 watengenezaji wa vinanda vya umeme walikubaliana orodha moja ya sauti 128 ili chombo chochote kielewane na kingine. Namba 20 ni kinanda cha kanisa, chenye mabomba, na namba 21 ni kinanda cha ndimi. Kijana alikuwa kwenye 20, na sauti ya mabomba ya Ulaya ikajaa chini ya bati.

"Shikamoo babu," alisema alipomwona mzee.

"Marahaba, mjukuu wangu. Endelea, endelea."

Nilimwomba kijana ajaribu 21. Akaitafuta, akaipata, akapiga mstari mmoja wa wimbo wa kuingilia. Mzee alikuwa amekaa kwenye benchi la mbele, mikono juu ya bakora, hatazami kinanda, anatazama altare. Chini ya benchi mguu wake wa kulia ulishuka, ukapanda, kisha wa kushoto, kwa zamu, taratibu, upepo usikatike.